Maharage Yaliyokatazwa Maji

Ukienda kumsalimia Mama Kopo, iwe nyumbani au kazini, usimwambie huna kiu. Hatakuamini. Fundi umeme akija kutazama taa, kabla hajaegemeza ngazi ameshashikishwa bilauri ya maji. Mwuza magazeti hunyweshwa mlangoni kila asubuhi, na hata mbwa wa mlinzi wa chuo, mbwa mwenye kiburi asiyemjali mtu, ana bakuli lake karibu na bomba la kitalu. Mumewe, fundi baiskeli mwenye ulimi mwepesi, husema mkewe akifika peponi, kabla ya kusalimia atauliza bomba liko wapi.

Jina lenyewe halikutoka kwa mtoto. Watoto anao wawili, wakubwa, wana majina yao na maisha yao. Kopo ni kopo kweli, la maziwa ya unga, alilolitoboa matundu kwa msumari mwaka wake wa kwanza kazini, akagundua kwamba linanyunyiza maji kwa upole kuliko kitu chochote cha dukani. Chuo kimemnunulia keni za kumwagilia mara tatu. Zote zimetundikwa ukutani na buibui wamehamia humo na familia zao. Kopo la kwanza lilioza kwa kutu, la pili likaoza, hili la sasa ni la tisa. Jina ndilo halijaoza.

Ni mtunza miche katika chuo cha kilimo, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na saba. Himaya yake ni kitalu nyumba, banda refu la nailoni nyeupe iliyotandazwa juu ya mabomba ya chuma. Ndani mna meza ndefu za mbao, na juu ya meza kuna viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, kila kimoja na kisahani chake chini. Joto la humo linamtoa mtu ukaidi. Wahadhiri wakiingia hutoka baada ya dakika tano wakijipepea kwa makaratasi. Yeye hukaa humo kutwa nzima, kitambaa kichwani, na akitoka nje analalamika baridi.

Shule hakwenda nayo mbali, lakini jani analijua. Hulishika taratibu bila kulichuma, akainama, akaliweka shavuni. Likiwa la baridi, lina maji. Likiwa na joto, lina kiu, hata kama kwa macho limesimama vizuri na kung'aa. Wanafunzi wapya humcheka kwa siku kama mbili hivi, kisha unawaona nao wameinama mezani, mashavu kwenye majani, mmoja mmoja, wakitazama kwanza kama kuna anayewaona.

Sheria yake ilikuwa moja: haondoki kazini kuna mmea wenye kiu. Aliiweka mwaka wake wa pili, aliporudi kutoka likizo ya siku nne akakuta bomba limekatika na miche mia nane imekaukia palepale kwenye viriba, imesimama kama iliyokuwa ikimngoja. Mkuu wa idara wa wakati huo hakumgombeza hata kidogo. Ni afadhali angemgombeza. Tangu siku ile hakuna jioni aliyofunga mlango wa kitalu kabla ya kupita meza zote.

Sasa jamani, katika watu wote walioumbwa chini ya jua, huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuyanyima maharage maji.

Aliyemletea kazi hiyo alikuwa mtafiti, kijana mrefu mwenye miwani, aliyekuwa anasomea shahada ya uzamivu. Pale kitaluni walikuwa wanamwita Daktari kabla ya wakati wake, naye kila akiitwa hivyo aliona haya na kuirekebisha miwani ambayo haikuwa na tatizo. Mama Kopo alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliingia, akapewa maji, akanywa yote, akaomba mengine.

"Mama, jani ni jiko la mmea," alimweleza, wakiwa wameketi juu ya magunia ya udongo. "Moto wake ni mwanga wa jua. Maji yanatoka chini kwenye mizizi, hewa inatoka nje, jani linachanganya linapika sukari. Sisi tunaita usanisinuru."

"Na hiyo hewa inaingilia wapi?"

"Chini ya jani kuna vitundu vidogo sana, ndiyo milango. Ikifunguliwa hewa inaingia, lakini maji nayo yanatoroka kwa hapohapo. Ikifungwa, maji yanabaki, ila hewa haingii. Hakuna kinachopikwa, mmea haukui."

Mama Kopo alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ukame ukija, mmea unachagua. Ufe na kiu, au ulale na njaa."

"Hasa! Mama, ungefundisha wewe."

"Ningefundisha, lakini nani angemwagilia?"

Jaribio lilikuwa hivi. Daktari alikuwa na aina nane za maharage. Kila aina ilikuwa na viriba sita vya kunywa kama kawaida, na viriba sita vya kukatazwa maji kwa siku ishirini na moja. Kila asubuhi angepita na kifaa chake cha kubana jani, kinachopima jani linavuta hewa kiasi gani, yaani jiko linawaka au limezimwa. Alikuwa anatafuta aina itakayostahimili ukame, maana nusu ya wakulima wa upande ule mkavu walikuwa hawajavuna misimu miwili. Kwa utaratibu, kila kiriba kingepimwa uzito kila siku ili ijulikane maji yamepungua kiasi gani, lakini mizani ya kitalu ilikuwa imeazimwa na idara ya kuku, na kitu kikishaingia idara ya kuku, kukitoa kunahitaji barua tatu na maombi. Daktari akasema basi, wataendelea bila mizani.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Ya pili ndiyo iliyomtoa Mama Kopo jasho. Aina ya saba ilikuwa na majani mapana, laini, ya kijani kilichokolea, na shina refu lenye madaha. Alikuwa ameshaipa jina: Bibi Harusi. Kufikia siku ya tisa, kila saa nane mchana Bibi Harusi aliangusha majani yote pamoja, hana nguvu, hana sauti, kama mtoto aliyenyimwa chakula na hataki kuomba. Meza ya pili yake kulikuwa na aina ya tatu, mfupi, majani madogo magumu. Huyo tangu siku za mwanzo alishaanza vituko vyake. Alisimamisha majani upande ili jua limguse pembeni tu, akaangusha majani ya chini, akaacha kabisa kukua. Mama Kopo alimwita Bahili, mkono wa birika, na hakumpenda.

"Hata kufa anakufa kwa ubahili," alimwambia Daktari.

Siku ya kumi Daktari aliondoka mapema kwenda maktaba. Ilikuwa saa kumi jioni. Mama Kopo alipita meza zote kama desturi yake, akafika kwa Bibi Harusi, akaweka jani shavuni. Lilikuwa la moto. Akaondoka mpaka mlangoni. Akarudi. Akasimama pale na funguo mkononi, akijisemea mambo ambayo hakuna aliyeyasikia ila mbwa.

Kisha akachukua kikombe. Nusu kikombe tu kwa kila kiriba, akamimina kwenye visahani vya chini ili mizizi ijinywee yenyewe, kama anavyoifanyia miche dhaifu miaka yote. Udongo wa juu ulibaki mkavu vilevile. Kesho yake alifanya tena, na kesho kutwa. Aina nyingine hakuzigusa, kwa sababu alijiambia kwamba akimwagilia zote ataharibu kazi ya mtoto wa watu, ila akimwagilia viriba sita tu, hiyo ni huruma. Hesabu ya namna hiyo ni Mama Kopo peke yake anayeweza kuipiga na jibu likatoka.

Siku ya ishirini na moja Daktari alipiga kelele iliyowatoa watu ofisini.

"Mama! Njoo uone! Aina ya saba! Wenzake wamezima majiko, yeye anapika kama mvua imenyesha jana!"

Alimshika mikono akamzungusha katikati ya meza, yeye na miaka yake hamsini na tisa, kitambaa kikamvuka kichwani. Kijana yule alikuwa hajawahi kucheka hivyo tangu aje. Alikuwa amekonda kwa kazi, macho mekundu kwa kusoma, na sasa uso ulikuwa umefunguka wote. Mama Kopo alicheka naye. Nitamwambia kesho, alijisemea. Kesho ikafika, akasema kesho. Alisema kesho kwa wiki nzima.

Huenda angeendelea kusema kesho mpaka anastaafu, kama asingekuja yule mkulima. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa upande mkavu, mwanamke wa makamo, visigino vimepasuka, kanga ya kichwani imefungwa kwa haraka ya safari. Daktari alimwita aione mbegu kwa macho yake, kwa kuwa baada ya kikao cha jopo la kumtahini, wiki mbili zijazo, alikusudia kuigawa kwa kaya ishirini kabla ya mvua.

Mama Kopo akampa maji, kama kawaida yake. Mgeni akanywa nusu ya bilauri, akashukuru, akatoa chupa kwenye mkoba, akamiminia nusu iliyobaki polepole bila kumwaga hata tone, akafunga kizibo.

"Mengine yapo, dada," Mama Kopo alimwambia. "Kunywa tu."

"Nimeshazoea," mgeni alisema, akageukia maharage. Alimshika Bibi Harusi jani kwa vidole viwili. "Hii nikiipata, mwanangu, shamba zima napanda hii. Mahindi naachana nayo. Nimebakiza msimu mmoja wa kubahatisha, zaidi ya hapo sina."

"Hutajuta, mama," Daktari alimjibu.

Mama Kopo akatoka nje. Shamba zima. Na huko shambani saa kumi jioni hakuna atakayepita na nusu kikombe.

Siku hiyo alipitia kibandani kwa mumewe, akakaa kwenye kigoda katikati ya magurudumu, akamweleza yote. Fundi baiskeli alianza kwa kucheka. "Mimi miaka thelathini nakuomba chai ya pili unaniambia inatosha, kumbe huruma yote iko kwenye maharage!" Kisha akaona uso wa mkewe, akaacha kucheka.

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu," alisema.

"Najua."

"Wanaweza kukufukuza."

"Hilo najua pia. Lakini kijana wa watu, baba. Miaka mitatu ya kazi. Nitamtazamaje?"

"Nyamaza basi. Nani ameona?"

"Nikinyamaza, yule mama atapanda shamba zima."

Mumewe alizungusha pedali, akasikiliza mnyororo, akazungusha tena. "Basi kesho nenda mapema," alisema hatimaye. "Usije ukapata akili njiani ukarudi."

Asubuhi alimkuta Daktari ameshafika, anaandika lebo za vifuko vya mbegu. Mama Kopo alipiga moyo konde, akasema akiwa amesimama, maana angekaa asingeweza.

"Mwanangu, yule Bibi Harusi hastahimili kitu. Nilikuwa namwagilia."

Daktari aliinua kichwa. "Kumwagilia nani?"

"Aina ya saba. Viriba vyote sita. Jioni, ukishaondoka. Tangu siku ya kumi mpaka mwisho."

Alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo sana. "Udongo ulikuwa mkavu," alisema.

"Nilitilia kwenye visahani."

Kijana aliirudisha miwani usoni. Angetukana, angepiga meza, lingekuwa jambo la kushika. Alikusanya zile lebo moja moja, akazitia mfukoni, akatoka. Siku tatu hakuonekana. Mama Kopo alipita meza zake asubuhi na jioni, akiangalia kila kitu kama mtu anayeaga. Hata mbwa alimwoshea bakuli lake.

Siku ya nne kijana alikuja na mkuu wa idara. Mama Kopo alifuta mikono kwenye aproni, akasimama wima kusubiri barua yake. Mkuu wa idara alisema mengi kuhusu utaratibu na uaminifu, na yote yalikuwa ya haki. Mwisho akasema jopo limeahirishwa miezi minne, wakulima wamejulishwa wasubiri, jaribio litarudiwa upya.

"Na mtafiti ameomba mtunzaji awe yuleyule," alimalizia, na kwa sauti yake ilionekana kabisa kwamba haelewi.

"Mimi?"

Daktari alikuwa anatazama paa. "Kesho saa moja, mama. Mizani nimeshaitoa kwa watu wa kuku."

Hakumweleza sababu, naye hakuuliza. Walipanda upya. Mazungumzo ya juu ya magunia hayakuwepo tena. Ilikuwa ni "shikamoo," "marahaba," na namba za mizani. Jambo hilo lilimuuma Mama Kopo kuliko hotuba ya mkuu wa idara, kwa sababu alikuwa amemzoea kijana yule kama wa tumbo lake.

Kisha maji yakakatazwa. Siku ya nne aliweka majani shavuni akashangaa. Jani la Bahili lilikuwa la moto tayari, na huku udongo bado una unyevu. Jani la Bibi Harusi lilikuwa baridi safi. Alikaa na jambo hilo siku mbili kabla hajathubutu kumwambia Daktari.

Daktari aliacha kuandika. "Bahili ameshafunga milango," alisema. "Anakaa na njaa mapema, maji anayaweka. Bibi Harusi ameacha wazi yote, anapika, anakua, anatumia." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama. "Mimi kifaa changu kimenionyesha leo. Wewe umejua juzi?"

"Shavu langu halingoji betri," Mama Kopo alisema, na kijana akacheka kidogo, na moyo wa yule mama ukashuka mahali pake.

Lakini jioni zilikuwa ndefu. Saa kumi ikifika, Bibi Harusi ameanguka, kopo liko pale, bomba liko pale. Mama Kopo alijaribu kila kitu. Alifunga bomba kwa kitambaa, mafundo matatu. Alisuka ukili nje ya mlango. Alimnywesha mbwa mpaka mbwa akaanza kumkwepa. Siku ya kumi na nne Bibi Harusi alikufa, viriba vyote sita, majani yamekuwa kama karatasi. Mama Kopo alilia waziwazi mbele ya watu. Daktari alisimama kando yake, akampa leso, kisha akaandika uzito.

Siku ya ishirini na moja maji yakarudishwa. Alimwagilia kwa kopo lake, mpaka vile vilivyokufa alivimwagilia. Bahili alikuwa amebaki kijiti kifupi chenye majani matatu yaliyojikunja, na hakuna aliyemtegemea. Siku ya nne baada ya hapo, kwenye pembe ya shina, kulichomoza chipukizi la kijani dogo kama punje ya mchele. Kiriba cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Mwishoni alizaa maganda machache, nusu ya wale walionywa kila siku, lakini alizaa.

"Nisamehe, baba," Mama Kopo alimwambia Bahili kwa sauti, wala hakujali nani anasikia. "Nilikutukana."

Jopo lilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye meza ndefu na mapazia mazito. Daktari alikuwa amemwambia aje, naye akaja na gauni lake la harusi za watu, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Maswali yalikuwa mengi na mengine hakuyaelewa. Kisha profesa mmoja mwembamba, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Kitalu kile nakijua," alisema. "Watu wanaingia na kutoka. Unajuaje kwamba hakuna aliyeyamwagilia maharage yako?"

"Safari ya kwanza yalimwagiliwa," Daktari alijibu. "Aliyamwagilia mtunzaji wangu kwa kuyaonea huruma. Mizani haikuwepo, udongo ulikuwa mkavu kwa juu, mimi sikugundua kitu. Ningesimama hapa na matokeo yale, mngenipa shahada, na wakulima wangepanda mbegu ya kufa. Alikuja mwenyewe akaniambia. Safari ya pili nilimwomba yeye tu. Mtu mwingine yeyote ningelazimika kumwamini hivihivi. Yeye nilikuwa namjua."

Mama Kopo aliinamisha kichwa. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Miezi minne yote alidhani ni adhabu.

Profesa aligeuka kwenye kiti, akamtafuta mpaka akamwona pale mlangoni.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Na safari ya pili, yalipokuwa yanakufa, hukuyapa hata tone?"

"Hata tone."

"Ulijisikiaje?"

Watu wote walikuwa wamegeuka. Angeweza kusema neno zuri la kumpendezesha Daktari wake, na maneno mazuri yalikuwepo.

"Vibaya, profesa," alisema. "Sita walikufa mbele yangu na maji yapo. Vibaya sana, mpaka leo."

Profesa alimtazama kwa muda, akafunga faili lake, akasema hana swali lingine.